Usonji Si Kosa la Mama: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayowaumiza wazazi kuliko zote ni ile inayodai kwamba mtoto mwenye usonji (autism), hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, ameharibiwa na malezi. Dhana hii haikutoka kwa wasiosoma pekee. Nchini Marekani, Bruno Bettelheim, mwandishi maarufu wa masuala ya watoto, na wenzake walifundisha kwamba mtoto hujitenga kwa sababu mama yake hakumpa upendo. Mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe alikuwa na usonji, aliipinga hoja hiyo kwa kitabu mwaka 1964, lakini lawama ilichukua miaka mingi kufutika. Kwetu huambiwa kwamba mama alivunja mwiko akiwa mjamzito, kwamba mtoto ana majini, au kwamba kuna mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba usonji hutokana na namna ubongo unavyokua, na vinasaba vina mchango mkubwa.

Wengine hulaumu chanjo. Uvumi huo ulishamiri baada ya makala ya mwaka 1998 ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyohusu watoto 12 tu, ambayo jarida la kitabibu la The Lancet liliifuta mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto 657,461, haukuona kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaongeza usonji. Naelewa kinachowachanganya wazazi: Tanzania na Kenya dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na ni katika umri huohuo dalili nyingi huanza kuonekana wazi.

Mtoto akichelewa kuongea, mzazi huambiwa: “Atasema tu, hata baba yake alichelewa.” Wapo wanaochelewa kisha wakasema, lakini mtoto asiyeitika jina lake akiwa na mwaka mmoja, asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu akiwa na miezi 18, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe kliniki bila kusubiri.

Hudhaniwa pia kwamba bila mtaalamu bingwa mzazi hana la kufanya. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na wasio wataalamu, ambayo humfundisha mzazi kutumia michezo na shughuli za kila siku, kama kuoga na kula, kujenga mawasiliano. Hata hivyo, mzazi asiyelala usiku hawezi kuyafuata peke yake. Anahitaji shangazi au jirani atakayekaa na mtoto kwa muda wa saa mbili ili mzazi apumzike, na ambaye, mtoto akiziba masikio na kulia kwa sababu ya kelele za harusini, atamsaidia kumtoa nje badala ya kuuliza kwa nini hachapwi.