Kuuza kazi za mikono mtandaoni: dhana potofu na ukweli kwa wasusi na wachongaji wa Mtwara na Lindi

Mama mmoja wa Mikindani, ambaye husuka mikeka ya ukindu na kuiuza kwa picha anazoziweka Instagram na WhatsApp, alinionesha ujumbe uliompotezea mikeka mitatu. Uliandikwa sawasawa na ujumbe wa malipo: namba ndefu ya muamala, jina kamili la mtumaji, shilingi 180,000, tarehe, saa, hata salio jipya. Aliupokea akiwa stendi, akakabidhi mzigo kwa basi la Dar es Salaam, na alipotaka kutoa fedha jioni akakuta hakuna kilichoingia. Tulipousoma tena polepole tuliona kwamba ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, si kwa jina la huduma, na kwamba salio lililotajwa halikuoana kabisa na lile alilokuwa nalo asubuhi. Kukata ukindu, kuukausha, kuuchovya rangi, kusuka ukili na kuushona hadi upate mkeka mpana ni kazi ya wiki nyingi, na wiki hizo ndizo zilizoibwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza wasusi na wachongaji wenzake wakieleza wanavyoielewa biashara hii, na nimeona kwamba wanaotapeliwa si wajinga wala wazembe, bali wameamini mambo machache ambayo si kweli.

Dhana: Ujumbe wa malipo ukifika, fedha imefika.

Ujumbe ni habari tu, na habari inaweza kutungwa na yeyote mwenye simu. Fedha ni salio lako, na salio hulitazama wewe mwenyewe kwa kuingia kwenye menyu ya mtandao wako wa simu, si kwa kubonyeza kiungo ulichotumiwa wala kupiga namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe huo. Hata pale ujumbe unapoonesha jina la huduma, angalia salio, kwa sababu majina hayo nayo huigizwa.

Hila hii ina pacha wake. Mtu anapiga simu kwa sauti ya unyonge, anasema ametuma zaidi kwa bahati mbaya, anakuomba umrudishie kiasi kilichozidi kwa namba nyingine haraka kwa sababu mgonjwa wake yuko hospitali. Kama kweli amekosea, njia iliyopo ni yeye kuwasiliana na huduma kwa wateja ya mtandao wake ili muamala urudishwe kwa utaratibu. Ukirudisha kwa mkono wako kabla ya hapo, unaweza kupoteza mara mbili: kile ulichotuma, na kile cha kwanza kitakapovutwa baadaye, kama kiliwahi kuwapo. Namba za watu wa aina hii huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Dhana: Mteja hawezi kunilipa mpaka nimpe taarifa zangu za siri.

Hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu inageuza heshima na ukarimu wa muuzaji kuwa mlango wa mwizi. Ili upokee fedha kwa simu unahitaji kutaja namba yako, au Lipa Namba yako, na jina lililosajiliwa, basi. Namba ya siri hutumika kutoa na kutuma, haitumiki kupokea hata siku moja. Anayekutumia kiungo akisema "thibitisha hapa ili malipo yako yaachiwe," kisha ukurasa ukakuomba namba za kadi ya benki pamoja na tarakimu tatu za nyuma ya kadi, hakulipi, anajilipa. Vivyo hivyo kwa tarakimu sita zinazoingia kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi: hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako, na anayezipata huwaandikia wateja wako wa miaka mingi kwa jina lako, na picha yako ikiwa juu, akiwaomba arubuni ya mikeka ambayo hutaisuka.

Dhana: Kuomba arubuni ni kumfukuza mteja.

Mteja wa kweli wa kazi ya kuagizwa anaelewa kwamba mpingo na ukindu vina gharama kabla ya kazi kuanza. Anayekasirika kwa kuombwa nusu ya bei kwa kazi ya mwezi mzima amekwisha kukuonesha atakavyokuwa siku ya kulipa nusu ya pili.

Dhana: Mnunuzi wa Ulaya au Marekani hana sababu ya kumdhulumu mchongaji wa Newala.

Anayesema yuko Ulaya huenda hajawahi kufika huko. Mazungumzo yake yana mwendo unaofanana kila mara: hapunguzi bei hata kidogo, haulizi urefu wa kinyago wala uzito wake, anataka vipande kumi kwa mpigo, na anaeleza kwamba wakala wake wa usafirishaji atakuja kuchukua mzigo. Kisha barua pepe inaingia, yenye nembo ya kampuni ya malipo inayojulikana, ikisema umelipwa fedha zaidi ya bei ili utoe humo gharama za wakala, na kwamba fedha itaonekana ukishamlipa wakala huyo. Barua ni ya kughushi na wakala ni yeye mwenyewe. Masoko ya mtandaoni kama Etsy yana sehemu yake ya ujumbe na ya malipo, na mnunuzi anayekuvuta utoke humo mapema anakutoa pia nje ya ulinzi wa soko hilo.

Dhana: Kinyago chochote cha mpingo hakitoki nje ya nchi bila kibali cha maelfu ya shilingi kupitia "wakala wa vibali."

Hapa ukweli una pande mbili, na matapeli huishi katikati yake. Ni kweli kwamba mpingo, pamoja na karibu jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia, uliingizwa kuanzia Januari 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani orodha ya vile vinavyouzwa nje kwa vibali. Lakini mabadiliko yaliyoanza kutumika Novemba 2019 yaliacha nje ya vibali vya mkataba huo bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa shehena moja. Kinyago cha ujamaa cha kilo mbili kimo ndani ya kiwango hicho. Sheria za nchi kuhusu mazao ya misitu zinabaki palepale, na nchi kama Australia hukagua vitu vya mti kwa ukali wake, kwa hiyo uliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) iliyo karibu nawe kabla ya kufunga mzigo. Usimlipe mtu wa WhatsApp anayetaja CITES kwa sauti ya kutisha.

Dhana: Tapeli daima ni mnunuzi.

Wapo miongoni mwetu wanaopaka mti mweupe rangi ya viatu na kuuza kama mpingo, nao wanaharibu jina la kazi ya Wamakonde kwa wote. Wapo pia wanaochukua picha za kinyago chako na kuuza kitu wasichokuwa nacho. Tiba ya yote mawili ni picha za kweli: piga kinyago kikiwa mkononi mwako kabla ya msasa, piga sehemu ya chini panapoonekana ukanda wa mti mweupe wa nje ukipakana na moyo mweusi, andika uzito, na sema wazi kwamba mpingo halisi huzama majini.

Dhana: Cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kinathibitisha uaminifu.

Kinathibitisha usajili, na picha ya cheti cha mtu mwingine hutumwa kwa sekunde moja.

Dhana: Ukishatapeliwa, hakuna la kufanya.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua udanganyifu wa aina hii kuwa kosa. Piga huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu fedha ambayo haijatolewa kwa wakala bado inaweza kuzuiwa. Usifute ujumbe hata mmoja, wala rekodi za simu. Nenda polisi na namba, tarehe, saa na risiti ya mzigo. Na jihadhari na yule atakayejitokeza siku mbili baadaye akidai anaweza kukurudishia fedha zako kwa ada ndogo, kwa maana mara nyingi ni mtu yuleyule.

Mama wa Mikindani hakupata mikeka yake. Siku hizi anapofika stendi hukaa kwenye benchi na mzigo magotini, anafungua menyu mwenyewe, anasoma salio kwa sauti ya chini, ndipo anainuka kwenda kwa karani wa basi.