Boneti ya kufungulia ndani: yasemwayo chini ya mwembe na yalivyo

Mini ya zamani, ile iliyoundwa Uingereza kuanzia 1959 hadi 2000, kwa miaka mingi ilitoka kiwandani na jambo ambalo mwenye gari huligundua siku ya kwanza anapoegesha Ngamiani, hapa Tanga: boneti yake inafunguliwa kwa nje. Unapenyeza vidole chini ya ncha ya boneti, unasukuma kikono, imekwisha. Mtoto aliyetumwa mkate anaweza kukufungulia. Matoleo ya mwisho, ya miaka ya 1990, ndiyo yaliyopata kishikio cha ndani. Sisi wenye za nyuma tunajiwekea wenyewe, kwa waya wa breki ya baiskeli unaotoka kwenye kishikio hadi kwenye loki ya boneti, na kazi yenyewe ni ya nusu siku. Maneno yanayoizunguka ndiyo hayaishi.

La kwanza husemwa kwa dharau: "Utafungaje waya wa breki ya baiskeli kwenye gari?" Kwa mji wa baiskeli kama Tanga, nashangaa kulisikia. Waya unaopita ndani ya ganda ni ufundi mmoja, uliopewa hataza Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Bowden, na hadi leo ndio unaovuta breki za baiskeli, klachi za pikipiki na loki za boneti. Waya wa breki ya baiskeli una unene wa milimita moja na nusu hivi. Kama unamsimamisha mtu mzima na gunia la mkaa nyuma, kwenye mteremko, loki ya boneti haiwezi kuushinda. Wa kuuepuka ni ule wa gia, mwembamba zaidi.

Ila wanaoutetea nao wana kosa lao, tena kubwa kuliko hilo. Wanatazama waya tu, ganda wanaliona kama nguo ya kuukinga. Sivyo. Waya unapovuta, ganda linasukuma. Nguvu hizo mbili ni sawa, na ndiyo maana ganda lazima libanwe kwa chuma pande zote mbili: kwenye kishikio ndani ya gari na kwenye mabano karibu na loki. Likiachiwa upande mmoja, unavuta weee, ganda linajikunja huko mbele, loki haina habari.

Mimi lilinikuta Raskazone, jua linazama, maji ya rejeta yanahitaji kutazamwa. Nikavuta kishikio, kikaja laini kama mlenda. Nikampigia simu fundi aliyenifungia.

"Mjomba, vuta tena kwa nguvu."

"Mwanangu, nikivuta zaidi nitakuja nacho nyumbani kwako."

Akaja na baiskeli. Akamulika kwa tochi ya simu kupitia shoo ya mbele, akanyamaza kidogo, kisha akacheka kwa aibu: ganda alikuwa amelifunga kwa kamba ya plastiki, joto la injini likailegeza, ganda likateleza kama inchi moja. Inchi hiyo ndiyo mwendo wote wa loki. Tulitoa skrubu za shoo moja moja, akaingiza bisibisi ndefu, akaisukuma loki kwa mkono. Kamba ya plastiki kwenye kazi hii ni kama mgeni wa Tanga kwenye ule msemo: waja leo, waondoka leo. Weka bano la chuma lenye skrubu.

Siku ile ile nilijifunza jingine. Mafundi wengi hufunga waya, hufunga boneti, halafu ndipo hujaribu. Jaribu boneti ikiwa wazi. Ingiza bisibisi ndani ya loki kana kwamba ndiyo pini ya boneti, ile inayoshuka na boneti na kunasa kwenye loki, ibonyeze mpaka ilie "ta!", kisha mwenzako avute kishikio ndani. Ikiachia, rudia mara kumi. Ikisita hata mara moja, usifunge.

Kuna na wale wa "kaza waya mpaka ulie". Waya uliokazwa hivyo huacha loki nusu wazi. Boneti itaonekana imefunga, utaondoka zako, na ukifika barabara ya Muheza na mwendo umechanganya, inaanza kupiga. Acha ulegevu wa milimita mbili tatu kabla loki haijaanza kusogea.

Hapo ndipo ninapogombana na watu kuhusu ndoano ya pili, ile unayoitafuta kwa kidole baada ya boneti kuinuka. "Sasa unafungulia ndani, ya nini tena? Kata." Usikate! Boneti ya Mini ina bawaba upande wa kioo, kwa hiyo upepo ukiipata mdomo wazi huipindua hadi ikufunike macho. Kanuni namba 113 ya usalama wa magari ya Marekani inadai boneti ya aina hii iwe na hatua ya pili ya kuizuia, na sababu ni hiyo hiyo. Waya wako uvute loki ya kwanza tu; ukiunganisha zote mbili kwenye kishikio kimoja, goti la abiria likikigusa mwendoni hakuna kinachobaki.

Njia ya kupitisha waya haina mjadala mrefu. Kwenye Mini hizi za nyuma rejeta na feni viko ubavuni, upande wa kushoto. Eksozi na kabureta viko nyuma ya injini, upande wa dereva na abiria. Kwa hiyo pita madigadi ya kulia, mikunjo iwe mipana, na tundu la ukuta wa injini liwe na mpira. Ndani, hakikisha waya hauninginii kwenye pedeli.

Kuhusu grisi: si kila waya hutaka kujazwa. Ganda la siku hizi lina plastiki ndani. Grisi nzito hukusanya vumbi ikawa ugoro. Matone ya mafuta mepesi yanatosha. Hewa yetu ya chumvi huanza kula pale waya ulipokatwa na nyuzi zikachanuka, basi vika ncha kofia yake.

Wanaosema "weka ya umeme, ndiyo ya kisasa" niwaulize: betri ikifa utafungulia nini? Kwenye Mini una bahati, betri iko buti, unaweza kuiazima moto bila kugusa boneti. Kwenye gari dogo lenye betri mbele, umejifungia ufunguo chumbani. Iwe ya umeme au ya kuvuta, funga waya wa pili wa dharura kwenye loki, ncha yake uifiche. Wapi? Wangu siuandiki hapa.

Na ikiwa waya unavuta vizuri, loki inalia, lakini boneti hainuki, usirudi kumlaumu fundi wa waya. Tazama springi ya pini. Pini yenyewe inazungushika: legeza nati yake, izungushe nusu raundi, kaza, jaribu tena.