Watu wanauliza printa, mie nauliza skani

Kazi yangu kuprinti modeli za mifupa ya uso kwa printa ya 3D, kutokana na skani za wagonjwa, madaktari wa upasuaji wazitumie. Mtu akiingia ofisini kwangu hapa Unguja akaona fuvu jeupe la plastiki juu ya meza swali lake la kwanza printa bei gani, hakuna anaeuliza skani ilikatwaje, na kazi yote iko hapo.

CT skani, ile picha ya eksirei inayopigwa tabaka kwa tabaka, ni kama boflo lilokatwa slesi. Kwa uso nataka slesi ya milimita 1 au chini yake. CD nyingi ninazoletewa ni za milimita 5, kwa kusoma ripoti labda zinatosha, lakini ukizigeuza modeli taya linatoka ngazi ngazi kama za barza, na sakafu ya jicho, ule mfupa mwembamba kama karatasi, hauonekani kabisa. Mwanzo nilikubali tu, nikaprinti taya, daktari akakunja pleti ya titani, kile chuma cha kushikia mfupa, juu yake usiku, asubuhi kwenye thieta ya upasuaji pleti haikai, ikabidi ikunjwe upya na mgonjwa keshalazwa usingizi. Toka siku hio slesi nene nazirudisha, mtu anune asinune.

Skani nzuri nayo ina kazi yake. Kwenye vipimo vya Hounsfield, namba za CT za kuonesha kitu kizito kiasi gani, hewa ni -1000, maji 0, mfupa unakwenda mamia huko juu, sasa kwenye 3D Slicer, programu ya kugeuza skani kuwa modeli (ya bure, ipakue), unaweka kiwango, programu inaokota kila kinachozidi. Ukikipandisha sana ukuta wa jicho unatoboka matundu ya uongo, ukikishusha unazoa na nyama. Na mgonjwa akiwa na jino lilozibwa kwa madini ndio balaa, picha inatoa miale kama jua lilochorwa na mtoto wa skuli, hapo hakuna cha kitufe, unafuta slesi moja moja mpaka chai inapoa.

Mgonjwa kavaana na gari na vespa yake, shavu la kulia limepondeka? Nachukua la kushoto nalipindua kama kwenye kioo, pleti inakunjwa juu ya hilo. Nyuso hazilingani sawasawa pande mbili, kwahivyo lazima daktari aangalie mwenyewe.

Masika filamenti, ule uzi wa plastiki wa kuprintia, inanyonya unyevu, ikipita kwenye printa inalia kama bisi, yangu inakaa kwenye ndoo ya mfuniko. Na jamani, modeli ya PLA, aina ya plastiki ya filamenti, msiitie kwenye otokilevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, inalegea kwenye nyuzi 60 tu na otokilevu inafika 121. Kuna taya moja nilirudishiwa limelala kama chapati.