Je, wajua kwa nini Mungu "hujaribu viuno"?

Nilipokuwa darasa la kipaimara huko Moshi, mwalimu alitusomea Yeremia 17:10: "nauchunguza moyo, navijaribu viuno." Wavulana tukatazamana, wasichana wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeuliza, maana kwa umri ule kiuno kilikuwa na kazi mbili tu: kufungwa mkanda, na kukatwa muziki ukikolea. Nikatoka na hakika moja: Mungu hukagua moyo kwa ajili ya dhambi zote, halafu hukagua kiuno peke yake kwa ajili ya zinaa na ngoma.

Miaka michache baadaye, kwenye sendofu ya binamu yangu Arusha, nilikaa kitini usiku kucha. Nilirudi na dhamiri safi kabisa na njaa kali, kwa sababu hata foleni ya chakula ilikwenda kwa kucheza.

Nilikuwa nimekosea. Neno lililoko kwenye Kiebrania pale ni kelayot, yaani figo. Mungu wa Yeremia anachunguza moyo na kupima figo.

Watafsiri wa Biblia ya Union ya 1952 hawakuwa wazembe. Neno figo walilijua vizuri na walilitumia kwa wanyama: soma Walawi 3:4, utakuta "figo mbili" za sadaka pamoja na mafuta yake. Ila walipofika kwa binadamu waliweka mara viuno, mara mtima, lile neno la zamani la moyo ambalo siku hizi hulikuti sana nje ya mashairi. Zaburi 139:13, "uliyeniumba mtima wangu", ni figo. Zaburi 16:7, ambapo mtima unamfundisha mtu usiku, ni figo pia. Hata kiuno kina mantiki yake: mtu anayeumwa figo hushika kiuno kwa nyuma na kumwambia daktari kiuno kinamuuma. Biblia Habari Njema imekwepa utata huo, ikazungumzia akili na mioyo. Lakini usivikimbilie viuno vyote vya Biblia ukavigeuza figo. Vile vya Waefeso 6:14, vinavyofungwa ukweli kama mkanda, ni viuno halisi.

Sasa, kwa nini figo? Biblia yenyewe haielezi popote, kwa hiyo kinachofuata ni maelezo ya wasomaji wake, si aya. Maelezo yanayonishawishi zaidi unaweza kuyaona kwa macho Uchagani kila Desemba, watu wanaporudi kutoka Dar na mbuzi kuanza kuning'inizwa migombani.

Tazama anayechuna. Ngozi inatoka, tumbo linapasuliwa, utumbo unamwagika wenyewe. Ini linaonekana mara moja, jekundu na kubwa. Moyo uko ndani ya mbavu, lakini huo haukuwa siri hata mnyama alipokuwa hai, kwani ukimwekea mkono kifuani ulikuwa unausikia ukidunda. Figo je? Unapotoa kila kitu unadhani umemaliza, tumbo ni tupu. Kumbe huko nyuma kabisa, kando ya uti wa mgongo, kumebaki mabonge mawili meupe. Mgeni atasema ni mafuta tu. Mchunaji anabonyeza kwa kidole gumba, mafuta yanapasuka, na figo inachomoka laini kama haragwe lililotoka kwenye ganda. Ilikuwa humo muda wote, haidundi, haina sauti, imefunikwa.

Watu waliochinja sadaka mara kwa mara waliiona hali hiyo tangu utotoni. Walipotaka kutaja sehemu ya mtu ambayo jirani haioni, na mwenyewe huenda haioni, kiungo kilikuwa tayari. Kiebrania cha Agano la Kale hakina neno maalumu la dhamiri kama tulivyozoea. Kazi hiyo iligawanywa kati ya moyo na figo. Daudi alipokata upindo wa vazi la Sauli, ni moyo uliomchoma. Asafu, katika Zaburi 73:21, ni viuno vilivyomchoma, na hakuwa amekata kiuno popote. Kosa lake lilikuwa kuwaonea wivu waovu walionawiri. Dhambi isiyo na shahidi hata mmoja.

Hapo ndipo usomaji wangu wa zamani ulipoharibu zaidi. Nilikuwa nimeifungia dhamiri kwenye chumba kimoja, zinaa, na vyumba vingine nikaviacha wazi. Yeremia, aya moja tu kabla ya ile ya viuno, anasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Kwa hiyo kutosikia kitu ndani si cheti. Paulo anaungama jambo hilohilo katika 1 Wakorintho 4:4: hajui kosa lolote juu yake, lakini hilo halimhesabii haki. Kinyume chake kipo pia. 1 Yohana 3:20 inamkumbuka yule ambaye moyo wake bado unamhukumu, na kumwambia kwamba Mungu ni mkuu kuliko moyo wake. Katika hali zote mbili dhamiri ni shahidi, na hakimu ni mwingine. Ndiyo maana Zaburi 26:2 haijigambi kuwa safi, inaomba kupimwa, kisha "unisafishe mtima wangu na moyo wangu." Figo tena.

Nimewahi kusikia mahubiri yakisema Biblia ilijua zamani kwamba figo husafisha damu, ndiyo maana ikazihusisha na toba. Ni mfano mtamu. Figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 kwa siku, na zaidi ya asilimia 99 ya maji hayo hurudishwa mwilini. Tatizo ni kalenda: jinsi vichujio vyake vidogo vilivyounganika na mirija yake ilielezwa na William Bowman wa Uingereza mwaka 1842. Isitoshe, katika aya hizi figo hazimsafishi mtu yeyote. Zenyewe ndizo zinazopimwa, na zenyewe ndizo zinazoombewa kusafishwa.

Desemba iliyopita nilimweleza baba mdogo haya yote akiwa anachuna. Kwetu figo huchomwa palepale na kupewa watoto, wakati kwa Walawi ziliteketezwa madhabahuni na hakuna aliyezionja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachomoa ile ya pili, akaifuta mafuta.

"Kwa hiyo kule Arusha," akasema, "ulilala njaa kwa ajili ya figo?"