Breka kujikata maana yake nini?

Breka kujikata ni swichi ya ulinzi kuuzima umeme yenyewe, bila mtu kuigusa, pale umeme unapozidi uwezo wa waya au unapopita njia isiyo yake. Usiichanganye na umeme kukatika mtaani. Jirani ana taa, luku yako ina uniti, ila kwenye boksi la breka kuna kidole kimoja kimeshuka. Tazama ni kidole kipi, na kilishuka wakati gani.

Huo wakati unasema mengi. Breka ikivumilia dakika kadhaa ndipo ikashuka, mara nyingi mzigo umezidi. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizoshikana. Kikipata joto kinapinda na kuachia swichi. Breka ya ampea 20 kwenye umeme wa volti 230 inabeba wati 4,600 hivi. Hita ya kuogea peke yake inaweza kula zaidi ya wati 4,000, na asubuhi ndiyo hiyo hiyo ambayo mwingine anapiga pasi na mwingine anachemsha maji ya chai kwenye jagi la umeme. Lazima ishuke. Ama msivitumie kwa pamoja, ama hita ipewe waya wake na breka yake kutoka kwenye boksi. Ukitaka kuipandisha papo hapo huenda ikagoma, kwa kuwa kile kipande bado ni cha moto. Kiache kipoe.

Ikishuka mara tu unapoipandisha, shuku shoti: waya wa moto, unaoleta umeme, umegusana na nyutro, waya unaourudisha. Hapo inayokata ni sumaku iliyomo ndani ya breka, na hukata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Chomoa vifaa vyote, zima taa, pandisha, kisha chomeka kimoja kimoja. Kitakachoishusha ndicho kibovu. Ikishuka hali hakuna kilichochomekwa, ubovu umo ukutani au darini. Usifungue chochote, ita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji.

Na tafadhali, asitokee mtu akakubadilishia breka ya 20 kwa ya 32 eti isisumbue. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliomo ukutani ni ule ule. Utapata moto wewe na watoto wako mmelala, huku breka imetulia tu.

Sababu ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa Mwanza: umeme kuvuja. Breka ya kuvuja, ile pana yenye kitufe cha T, hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 hivi, inakata. Mvua za vuli na masika huingiza maji kwenye taa za nje, soketi za uani na pampu. Huku ufukweni kuna pia wale wadudu wadogo wa ziwani: hufuata mwanga, hufia ndani ya taa, na rundo lao likinyonya unyevu umeme hupata pa kupita. Kama breka yako hushuka kila inaponyesha na kutulia jua likitoka, fundi aanze na taa za nje.

Lakini yapo mawe. Kwenye vilima vya Igogo, Mabatini na Bugando, rodi ya ethi, ile fito ya chuma inayopeleka ardhini umeme uliovuja, inaweza kugonga mwamba kabla haijazama vya kutosha, na mwenye haraka huikata iliyobaki. Tuseme ethi hiyo ina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 50. Friji ikivuja, umeme utakaopita kwenye ethi ni 230 gawa kwa 50, yaani ampea 4.6 tu. Breka ya 20 haitashtuka, na bodi ya friji itabaki na umeme mpaka mtu aiguse, pengine mtoto aliyetoka kuoga na miguu mibichi. Nyumba ya namna hii, breka zake zikikaa kimya mwaka mzima, bado si salama.

Ndiyo maana nasisitiza breka ya kuvuja kwa kila nyumba iliyojengwa juu ya mawe: inakata kwa kuona ile tofauti, hata ethi ikiwa dhaifu. Bonyeza kitufe cha T kila baada ya miezi michache. Isiposhuka, ibadilishwe. Ethi nayo ipimwe kwa kipimo chake. Kuona waya wa kijani na njano umeingia ardhini hakutoshi. Mwamba ukiikataa rodi, fundi anaweza kuchimba mtaro mahali penye udongo na kulaza humo waya mtupu wa shaba, au kuunganisha rodi kadhaa palipo na udongo, kisha apime tena kabla hujamlipa.