Kwa nini baa nyingi za Uingereza zinaitwa Simba Mwekundu?

Red Lion, yaani Simba Mwekundu, ni miongoni mwa majina ya baa yaliyoenea zaidi Uingereza; zipo mamia. Ukiuliza sababu, jibu huwa tayari: mwaka 1603 Mfalme James alitoka Scotland kuja kutawala Uingereza, akaamuru nembo yake, simba mwekundu juu ya rangi ya dhahabu, itundikwe kwenye kila jengo la maana, baa zikiwemo.

Jibu hilo lina utamu wake, ila tarehe zinalikataa. Mwaka 1567, miaka 36 kabla ya James kuja, John Brayne alijenga ukumbi wa maigizo nje ya kuta za London, upande wa mashariki, uani mwa nyumba ya shamba iliyojulikana kwa kibao cha Simba Mwekundu. Tunalijua hilo kwa sababu aligombana na maseremala wake hadi kushtakiana, na nyaraka zikataja hata vipimo: jukwaa la futi 40 kwa 30, kimo chake futi 5. Ugomvi na mafundi umetuachia ushahidi mzuri. Lakini tusiuvute kupita kiasi: nyaraka zinataja nyumba ya shamba, si baa. Zinachothibitisha ni kwamba kibao chenyewe kilikuwapo.

Wengine humtaja John of Gaunt, mwana wa mfalme aliyefariki 1399, aliyedai ufalme wa Castile na León huko Hispania. Tarehe zinaruhusu. Tatizo ni kwamba simba wa León kwa kawaida huchorwa zambarau.

Jibu lisilo na mfalme ndilo lenye nguvu zaidi. Kibao cha baa kiliwekwa ili kitazamwe, si kisomwe. Katika uchaguzi wa Tanzania wa 1965, wagombea wawili wa jimbo walipewa alama, mmoja jembe na mwenzake nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Kibao kilifanya kazi hiyohiyo, na alama zilikwishakuwapo kwenye nembo za makabaila. Humo rangi ndiyo inayomtambulisha mwenyewe: simba wa bluu ni wa ukoo wa Percy wa Northumberland, mweupe ni wa Mowbray wa Norfolk. Simba mwekundu alitumiwa na koo nyingi. Kwa hiyo wenye baa waliochukua nembo ya mwenye ardhi wao wangeweza kuangukia jina moja katika wilaya tofauti, bila kuamriwa na yeyote.

Kabla ya kibao kilichochorwa, alama ilikuwa mti, yaani ufito mrefu, uliochomoza ukutani ukiwa na kishada cha majani. Miti hiyo ilirefushwa kwa ushindani, ikawazuia wapanda farasi na kuelemea nyumba kwa uzito wake. Mwaka 1375 jiji la London likaweka kikomo: mti usichomoze juu ya barabara kwa urefu unaozidi futi 7, faini peni 40. Somo halikudumu: mwaka 1718, katika kichochoro cha Bride Lane, kibao kilichozidi uzito kiling'oa ukuta wa mbele wa nyumba na kuua watu wanne.

Majina mengine yanakadirika umri kwa urahisi zaidi. Royal Oak ni mwaloni ambamo Charles wa Pili alijificha baada ya kushindwa vitani Worcester mwaka 1651. White Hart, paa mweupe, ilikuwa alama ya Richard wa Pili, aliyetawala 1377 hadi 1399. Marquis of Granby ni jenerali John Manners, aliyepeperukwa na kofia na wigi akiongoza farasi vitani Warburg mwaka 1760. Inasemekana aliwasaidia askari wake kufungua baa. Kwa hiyo ukikuta kibao cha jenerali mwenye upara na juu ya mlango pameandikwa 1620, ama baa ilibadilishwa jina, ama mwaka huo ni wa kuvutia wateja.