Plasta tano tumboni: upasuaji wa saratani ya tumbo kwa matundu madogo

Jamaa wa wagonjwa hapa Unguja wana swali ambalo hutuvuta pembeni kutuuliza, mgonjwa asisikie: "Daktari, kwa vitundu hivyo kweli mmeitoa yote?" Wamezoea kovu refu linaloanzia chini ya kifua mpaka kupita kitovu. Wakimwona mtu wao ana plasta tano tu, wanahisi kapunjwa.

Hajapunjwa. Kilichopungua ni jeraha la nje, ndani kazi ni ile ile. Mgonjwa akishalala usingizi, tunatoboa tundu karibu na kitovu na kuingiza hewa ya ukaa ili ukuta wa tumbo unyanyuke, tupate nafasi. Hapo hupita kamera, kisha vyombo virefu kupitia matundu mengine ya milimita 5 hadi 12. Kwanza tunakagua ini na utando wa ndani ya tumbo, kwa sababu CT scan, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mionzi, huweza kukosa punje ndogo za saratani zilizosambaa. Tukizikuta, kwa kawaida hatukati. Mgonjwa hupelekwa kwenye matibabu ya dawa. Zisipokuwepo, tunaondoa sehemu ya tumbo lenyewe, yaani kiungo kinachopokea chakula, au lote zima, kutegemea uvimbe uko wapi, pamoja na tezi za limfu zinazofuata mishipa ya damu. Maabara inatakiwa ipate tezi zisizopungua 16 za kuchunguza kama saratani imefika humo. Kisha tunaunga kilichobaki na utumbo mwembamba, na kile kilichokatwa kinatiwa kwenye mfuko na kutolewa kwenye tundu lililopanuliwa sentimita chache.

Njia hii ilianzia Japani mwaka 1991. Korea Kusini waliifuatilia kwa wagonjwa 1,416 wa saratani changa: baada ya miaka 5, waliokuwa hai ni asilimia 94.2 kwa matundu madogo na 93.3 kwa kupasuliwa wazi, tofauti isiyo na uzito. Matatizo ya kidonda yalikuwa machache zaidi kwa wa matundu. China nao waliijaribu kwa saratani iliyokomaa zaidi, mikononi mwa wapasuaji wazoefu, na baada ya miaka 3 matokeo yalikaribiana.

Hayo maneno "wapasuaji wazoefu" msiyapite haraka. Mimi ningechagua kupasuliwa wazi na mkono uliozoea kuliko matundu madogo na mkono unaojifunza, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari amefanya ngapi. Uvimbe ulionata kwenye kongosho, au tumbo lenye makovu ya operesheni za zamani, huenda visifae kwa kamera. Na tukianza kwa matundu kisha tukalazimika kufungua, ni kwa usalama wa mgonjwa.

Wenzetu wa Korea wana saratani changa nyingi za kupasua kwa sababu kila mtu kuanzia miaka 40 huitwa kupimwa tumbo kila baada ya miaka 2. Kwetu, mtu anasema "nina vidonda vya tumbo", anapita duka la dawa, ananunua vidonge vya kupunguza asidi. Vinamtuliza, na hapo ndipo penye hatari, maana vinaweza kutuliza hata maumivu ya saratani. Akikonda, husingizia Ramadhani. Ukiona unashiba kwa matonge machache, choo ni cheusi kama lami, chakula kinakwama, unatapika mara kwa mara au uzito unashuka bila sababu, omba rufaa ya kipimo cha kamera ya tumboni. Kiungulia kipya kwa mtu mzima wa miaka 60 nacho kisingoje.

Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ambaye tangu 1994 ametambuliwa kimataifa kuwa chanzo cha saratani. Anapimika, na antibiotiki za wiki mbili hivi, ukizimaliza, kwa kawaida humwondoa. Sigara huongeza hatari, vivyo hivyo chumvi nyingi. Ng'onda na papa mkavu wasiwe kitoweo cha kila siku.

Baada ya operesheni, wengi hushangaa kuumwa bega. Ni hewa iliyobaki chini ya kiwambo cha kifua, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na huisha kwa siku chache. Kutembea huanza mapema, mara nyingi kesho yake. Kula ndiko kunakobadilika zaidi: kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Chai yenye sukari nyingi, au tende kadhaa na uji mtamu kwa pamoja, humshukia utumboni kwa kasi; mtu akatokwa jasho, moyo ukaenda mbio, akataka kulala. Kwa hiyo anayetaka kufunga azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Na aliyeondolewa tumbo lote anahitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano, hata akijiona mzima.